Boti ya faiba futi 16, bamba linasema mwisho HP 40: naweza kufunga mashine ya 60?

Wa_Kunduchi

Habari zenu wakuu. Nina boti ya faiba ya futi 16, ubao wa nyuma una upana wa futi 5 kamili, chini ina V ya kawaida. Bamba la mtengenezaji lipo ndani upande wa tezi (nyuma), linasema watu 5, mashine mwisho HP 40. Imefungwa Yamaha Enduro ya 40, ile ya kuchanganya oili, mguu mrefu, inaongozwa kwa mkono. Propela iliyopo ni ya pichi 13.

Kazi yake ni kupeleka watu kisiwa cha Mbudya, na siku za katikati ya wiki inatoka kuvua. Nikiwa peke yangu inakimbia bila shida. Nikipakia watu watano na mafuta lita 40, inachelewa sana kunyanyuka juu ya maji, pua inakaa juu, na GPS ya simu inaishia kilomita 33 kwa saa. Mita ya mizunguko inasoma 4,700 kwa dakika mkono ukiwa umefunguliwa mwisho.

Nimepata mashine ya 60 ya mtumba, bei nzuri, na fundi aliyenionyesha anasema itakaa kwenye ubao uleule bila kubadilisha kitu. Naomba wenye uzoefu wanijibu: ubao wa nyuma utahimili? Spidi itaongezeka kiasi gani hasa? Na upande wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) ikoje?

Propela_Kwanza

Mkuu, kabla hatujafika kwenye 60, hiyo 40 yako haifanyi kazi ya 40. Enduro ya 40 ikifunguliwa mwisho, na mzigo wake wa kila siku ukiwa ndani, inatakiwa isome kati ya 4,500 na 5,500, na nguvu yake kamili inaitoa kuanzia 5,000. Wewe uko 4,700. Mashine inasukuma propela iliyo nzito kuliko uwezo wake, na HP kadhaa ulizonunua hazifiki kwenye maji.

Fanya hesabu hii. Gia ya mashine hiyo ni 2 kwa 1 (meno 26 kwa 13), kwa hiyo mizunguko 4,700 ya injini ni 2,350 ya propela. Pichi 13 maana yake propela ingesonga mbele inchi 13, yaani sentimita 33, kila inapozunguka mara moja kama maji yangekuwa kitu kigumu. 2,350 mara sentimita 33 mara dakika 60 unapata karibu kilomita 46.6 kwa saa. Wewe unapata 33. Maana yake asilimia 29 inapotelea kwenye kuteleza. Boti nyepesi ya V iliyofungwa vizuri huteleza kati ya asilimia 10 na 20. Ukifika 29, kuna kitu zaidi ya upungufu wa nguvu. Kagua kwa mpangilio huu:

Kwanza chini ya boti. Boti inayolala majini Kunduchi huota mwani na magamba kwa kasi, na wiki chache zinatosha kukunyang'anya kilomita kadhaa kwa saa. Itoe, ikwangue, ioshe, halafu pima tena kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Pili urefu wa mashine. Weka ubao mnyoofu chini ya mkuku (uti wa chini wa boti), urefushe hadi kwenye mashine. Lile bati pana lililo juu ya propela liwe sawa na ubao huo, au juu yake kwa inchi moja hivi. Likiwa juu zaidi, propela inavuta hewa boti ikikata kona. Likiwa chini sana, mguu wa mashine unaburuza maji bure na kurusha maji mengi nyuma.

Tatu propela yenyewe. Pitisha kidole kwenye kingo za mapanga. Panga likiwa na meno au limepinda kwa kugonga mwamba, pichi iliyoandikwa kwenye kitovu haina maana tena. Angalia pia mpira wa ndani ya kitovu. Chora mstari mmoja kwa kalamu ya rangi unaopita kwenye kitovu cha ndani na cha nje, nenda kakimbie na mzigo, kisha urudi uangalie. Mistari ikiachana, mpira unateleza, na hakuna mashine itakayokusaidia.

Yote yakiwa sawa, shuka pichi hadi 11. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza hupandisha mizunguko kwa 150 hadi 200. Kwa kupunguza inchi mbili tu utafika karibu 5,100, na ukijumlisha boti safi na urefu sahihi, 5,300 inawezekana ukiwa na watu watano. Hapo hesabu inakuwa hivi: 2,650 mara sentimita 28 mara 60 ni kilomita 44.5. Toa asilimia 18 ya kuteleza, unabaki na kilomita 36 na nusu. Umepata kilomita tatu na nusu kwa bei ya propela moja, na boti itanyanyuka mapema zaidi, ambalo ndilo tatizo lako kubwa kuliko spidi.

Angalizo moja: ukiwa peke yako na propela ya 11, usishikilie mkono mwisho. Mizunguko itapita 5,500. Rudisha kidogo.

FundiFaiba_Msasani

Naunga mkono hapo juu. Nijibu suala la ubao na la namba ya bamba, maana watu wengi huidhania kuwa ni tahadhari tu ya mtengenezaji.

Kanuni ya Marekani kwa boti zilizo chini ya futi 20 inaanzia kwenye urefu mara upana wa ubao wa nyuma, vyote kwa futi. Kwako ni 16 mara 5, yaani 80. Boti yenye usukani wa gurudumu na ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 20 au zaidi: zidisha mara 2, toa 90, unapata HP 70. Boti isiyo na gurudumu, au yenye ubao mfupi: zidisha kwa 0.8, toa 25, unapata 39, ambayo inapandishwa kwenda kwenye tano inayofuata, yaani 40. Na kama chini yake ni bapa na kona zake ni kali: zidisha kwa 0.5, toa 15, unabaki na 25 tu. (Namba hizi ni za boti ambazo urefu mara upana wake unazidi 52. Chini ya hapo kuna jedwali lake.)

Unaona 40 yako ilikotoka. Ni namba ya boti inayoongozwa kwa mkono. Bodi ileile na gurudumu ingehesabiwa tofauti kabisa. Sababu ni mbili. Anayeongoza kwa mkono anakaa mwisho kabisa wa boti, uzito wake unajumlishwa na wa mashine palepale tezi. Na mkono wake ndio unaoizuia mashine isigeuke. Propela inapozunguka huvuta mashine upande mmoja, na mvuto huo hukua kadiri nguvu inavyokua. Kwenye 60 ya mkono, wimbi likikurusha kidogo na mkono ukaachia, mashine inajipinda hadi mwisho kwa sekunde moja, boti inakata kona kali na watu wanatupwa nje, halafu boti inaendelea kuzunguka palepale walipo majini na propela inafanya kazi. Ndiyo maana ile kamba nyekundu ya kuzima mashine lazima ifungwe mkononi au kwenye jaketi okozi ya nahodha hata kwenye 40. Kuiacha ikining'inia kwenye mashine ni sawa na kutokuwa nayo.

Sasa ubao. Kwenye faiba nyingi ni plaiwudi ya baharini, mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, zikafunikwa faiba nje na ndani. Jumla milimita 40 hadi 45. Nguvu yote iko kwenye huo mbao wa ndani, na ukioza hutaona kwa nje kwa sababu rangi inabaki inang'aa.

Namna ya kuupima: gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu kwenda chini, upande hadi upande. Penye mbao nzima mlio ni mkavu na mfupi. Penye kuoza mlio unakuwa mzito, umezibwa. Rudia hasa chini ya boliti za mashine na kuzunguka tundu la kutolea maji, maana maji huingilia hapo. Kisha inua mashine juu kidogo, shika mguu wake kwa chini, usukume na kuuvuta huku mtu mwingine akiangalia pale ubao unapokutana na mbavu na sakafu. Ukiona ubao unapumua, au ufa mwembamba unafunguka na kufunga kwenye kona, umekwisha hata kwa 40. Mwisho toboa matundu mawili ya milimita 5 kutoka ndani, chini, usipite hadi nje. Unga wa mbao ukitoka mweupe na mkavu, salama. Ukitoka mweusi na unyevu, au maji yakachuruzika, ubao unabadilishwa. Matundu ya majaribio yazibwe na epoksi siku hiyohiyo.

Kuubadilisha: kata ngozi ya ndani, acha ya nje. Toa mbao yote, saga hadi faiba safi ionekane. Gandisha plaiwudi mpya ya baharini kwa epoksi au rezini iliyochanganywa na nyuzi fupi, ibane kwa shikilizo hadi igande, usiache mifuko ya hewa katikati. Pembe zote zipigwe mviringo kwa rezini nzito, kisha mati ya gramu 450 na ile ya kufumwa kwa zamu, tabaka nne hadi tano, zikipanda sakafuni na ubavuni kwa sentimita 15 hadi 20. Mati kilo moja inakula rezini kilo mbili hadi mbili na nusu. Kwa joto la Dar usizidishe hadina (dawa ya kugandisha rezini): mililita 10 hadi 12 kwa kilo moja ya rezini zinatosha, na changanya kidogo kidogo, la sivyo itagandia kwenye ndoo. Vaa miwani, hadina ikiingia jichoni inaharibu jicho. Na kama una kiharakishi cha kobalti, kiingie kwenye rezini peke yake kwanza, kisikutane na hadina moja kwa moja, kwani hulipuka. Iache wiki nzima kabla ya kufunga mashine.

Halafu magoti mawili (vipande vya kuegemeza) kutoka kwenye ubao hadi kwenye mbavu ndefu za sakafuni. Bila hayo, nguvu ya propela, ambayo inasukuma kutoka chini kabisa ya mguu, inaupindua ubao kama wenzo kila unapofungua mafuta.

Mashua_na_Dau

Niongeze fupi kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na vyombo vya mbao. Dau au mashua halinyanyuki juu ya maji kama faiba, kwa hiyo spidi yake imefungwa na urefu wake ndani ya maji. Kipimo cha haraka: kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, mara 4.5. Chombo cha mita 7 majini kinaishia karibu kilomita 12 kwa saa. Ukikifunga mashine kubwa zaidi kitakaa tezi chini, omo (mbele) juu, kitachimba wimbi kubwa na kumwaga mafuta, na mbao za nyuma zitaanza kuachia kalafati. Kwa vyombo hivyo tafuta mashine ndogo yenye gia inayopunguza sana na propela pana ya pichi fupi.

Wa_Kunduchi

Nashukuruni sana. FundiFaiba, nimepima ubao wangu, kimo ni inchi 20 na nusu katikati. Kwa hiyo nikiweka usukani wa gurudumu, hesabu inatoa 70. Basi 60 itakuwa sawa?

FundiFaiba_Msasani

Bado, mkuu. Hiyo 70 ni dari ya hesabu kwa bodi yenye vipimo hivyo. Mtengenezaji anaweza kuandika chini yake, kwa sababu anajua ubao wake aliuwekea nini na foam ya kuelea aliijaza kiasi gani. Kwanza mpelekee yeye swali: bodi hii ikifungwa gurudumu, unairuhusu HP ngapi na mashine ya kilo ngapi? Akikupa kwa maandishi na bamba jipya, una msingi. Kama hapatikani, yanabaki mambo haya, na ukishindwa hata moja, acha.

Uzito. Soma kilo kwenye bamba la mashine yenyewe au kitabu chake, usisikilize maneno. Enduro ya 40 ni kilo 70 na kitu. Mashine nyingi za 60 zinakaribia au kuzidi 100. Na HP pekee hazikuambii uzito: Mercury ya 40 na ya 60 za silinda nne zisizochanganya oili zimejengwa kwenye injini moja ya sentimita za ujazo 995, uzito karibu sawa, kama kilo 112. Kwa hiyo hata mtu anayefunga 40 halali anaweza kuizidishia boti uzito akibadilisha aina ya mashine.

Jaribio la mchanga linafanyika kabla hujatoa hela ya mashine. Bandika utepe kwenye mstari wa maji, boti ikiwa imetulia, watu watano ndani, tangi limejaa, na nahodha amekaa pale atakapokaa. Kisha weka mifuko ya mchanga ya kilo 45 juu ya ubao wa nyuma kabisa. Tofauti ya mashine mbili ni kama kilo 35, lakini zinaning'inia nje ya ubao, ndiyo maana unazidisha. Pima kutoka kwenye maji hadi sehemu ya chini kabisa ya shingo ya ubao ambako mashine inakaa. Mimi sikubali chini ya sentimita 20, na maji yasirudi ndani kupitia matundu ya kutolea maji. Gurudumu hapa linakusaidia: nahodha wa kilo 75 akitoka tezi kuja katikati, mita mbili hivi, anafidia zaidi ya uzito ulioongezeka nyuma. Lakini boti nzima bado itazama kidogo zaidi, hivyo hamishia betri na tangi mbele pia.

Sababu ya ukali huu ni mawimbi ya nyuma. Msimu wa kaskazi ukirudi kutoka Mbudya, bahari inakuja tezi. Boti yenye tezi zito ikipunguzwa mafuta ghafla, wimbi lake yenyewe linaikuta kwa nyuma na kupanda juu ya ubao. Maji yakiingia mara moja, tezi linashuka tena, na la pili linaingia kirahisi zaidi.

Foam. Boti ndogo zilizotengenezwa kwa kanuni hizo zinatakiwa zielee sawasawa hata zikijaa maji, na foam iliyomo imehesabiwa pamoja na uzito wa mashine. Ukiongeza kilo 35, ongeza lita 35 hadi 40 za foam ya seli zilizofungwa, nyuma na juu ubavuni, siyo sakafuni. Ukiiweka chini, boti iliyojaa maji inapinduka kirahisi.

Usukani. Soma boksi la kit. Zipo kit ndogo za kebo moja zilizopimwa mwisho HP 55, nazo ndizo za bei nafuu, na hazikufai. Chukua iliyopimwa juu ya mashine yako, tena ile inayozuia gurudumu kurudi lenyewe. Kebo ikiwa fupi inakunjwa kona kali na kukaza, ikiwa ndefu inabaki kitanzi kinachokwama. Pima kabla ya kununua.

Kufunga. Mashine ya 60 isishikwe na vibano peke yake. Inaenda na boliti nne za inchi nusu, chuma cha pua cha daraja la 316. Mashine nyingi kubwa hufuata mpangilio mmoja wa matundu: mawili ya juu yanaachana milimita 327, ya chini 250, na kutoka juu hadi chini 203. Linganisha na mashine yako halisi kabla ya kutoboa. Toboa kwanza kwa milimita 20, jaza epoksi nzito, iache igande, kisha toboa upya milimita 13 katikati ya epoksi. Hapo maji hayatagusa mbao hata gundi ikichoka. Ndani weka bati la aluminiamu la milimita 5 nyuma ya nati, au washa pana kabisa. Gundi ni ya poliyurethani kama Sikaflex 291. Silikoni ya dirishani haifai.

Na mpira wa mafuta: ule mwembamba wa milimita 6 uliokuwa kwenye mashine ndogo unaweza kuinyima 60 mafuta ikiwa mwisho. Weka wa milimita 8 kwenda juu, pampu yake ya mkono iendane nao.

HesabuZaMafuta

Kuhusu faida yenyewe, maana swali la pili halijajibiwa. Kwa boti inayonyanyuka, spidi haiendi sambamba na HP, inaenda na kipeuo cha pili chake. Kutoka 40 hadi 60 ni mara 1.5, kipeuo chake ni 1.22, na uzito unaoongezeka unakula sehemu. Bodi kilo 300, mashine 75, mafuta 30, watu watano 375: jumla 780. Kwa kanuni ya kawaida ya boti ndogo hizo, 40 iliyofungwa vizuri inakupa kama kilomita 37 kwa saa, na 60 inakupa kama 44. Ukichukua mwendo wa kilomita 4, ni dakika 6 na nusu dhidi ya 5 na nusu. Dakika moja, mkuu.

Mafuta: mashine ya kuchanganya oili ikiwa mwisho inakula takriban nusu lita kwa kila HP kwa saa. 40 ni lita 20, 60 ni lita 30. Oili yake ni mililita 400 kwa lita 20 za petroli, yaani 50 kwa 1, ya daraja la TC-W3. Oili ya pikipiki haifai. Kwa hiyo kila saa unaongeza lita 10 za petroli na mililita 200 za oili kwa ajili ya dakika moja hiyo.

Mkaguzi_wa_Zamani

TASAC ndio wanaosajili na kukagua vyombo vidogo. Ukibadilisha mashine, taarifa zilizo kwenye kumbukumbu za chombo hazilingani tena na kilichopo majini, kwa hiyo peleka taarifa na uombe kikaguliwe kabla hujapakia abiria. Nenda na bamba la mtengenezaji, karatasi za ununuzi wa mashine zenye namba yake, na maandishi ya mtengenezaji kama umeyapata. Mkaguzi ataanza na vitu vilevile: ubao, boliti, kamba ya kuzimia, jaketi okozi kwa kila mtu, kizima moto.

Soma pia mkataba wa bima mstari kwa mstari. Mashine iliyozidi bamba ni sababu rahisi sana ya kukataliwa fidia, na kwa boti ya abiria fidia hiyo inahusu maisha ya watu.

Kuna watu watakushauri ubandike stika ya 40 kwenye kofia (kifuniko cha juu) ya mashine ya 60. Tafadhali usifanye hivyo. Familia inayopanda na watoto pale ufukweni haina namna ya kujua, inakuamini wewe tu.

Wa_Kunduchi

Nimewaelewa wakuu. Naanza na kukwangua chini na propela ya 11. Kuna kitu cha kuangalia kwenye injini yenyewe kabla ya kununua propela?

Propela_Kwanza

Ndiyo, kompresheni. Ipashe mashine moto, toa plagi zote mbili, waya zake ziguse bodi ya injini ili zisiruke cheche hovyo, fungua mafuta mwisho, kisha vuta kamba mara tano kwa kila silinda huku kipimo kikiwa kimekazwa. Namba yenyewe inategemea kipimo ulichonacho, cha kuangalia ni tofauti. Silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10, ringi au silinda moja imechoka, na hiyo peke yake inatosha kukuacha 4,700. Angalia na rangi za plagi: kahawia nyepesi ni nzuri, moja ikiwa nyeusi ya mafuta na nyingine kavu, kabureta moja ina uchafu. Pia hakikisha mkono ukifunguliwa mwisho, vipepeo vya kabureta zote vinalala wazi kabisa. Kebo iliyorefuka huacha robo imefungwa na mtu akadhani mashine haina nguvu. Na uangalie inakojoa maji kwa nguvu muda wote. Ikikojoa kwa kudondoka, badilisha impela ya pampu ya maji kabla ya jaribio lolote la kufungua mwisho.

Pini ya kuinamisha mashine nayo iguse. Pua ikikaa juu sana wakati wa kunyanyuka, sogeza pini tundu moja kuelekea kwenye ubao. Boti ikianza kudundadunda ikiwa spidi, sogeza vilevile tundu moja ndani, au hamisha mtu mmoja mbele. Usukani ukiwa mzito na pua inachimba, rudisha tundu moja nje.

Siku ya kupima, pakia watu watano wenye jaketi okozi, tangi lijae, maji yawe yametulia asubuhi. Kimbia mstari mmoja kwenda na kurudi, chukua wastani wa GPS wa pande mbili ili mkondo usikudanganye, andika mizunguko na sekunde kutoka kusimama hadi boti inyanyuke. Fanya hivyo na propela ya 13 kwanza ikiwa boti ni safi, halafu ya 11. Ukipata chini ya 5,000 na ya 11, weka namba zote hapa pamoja na kompresheni, tutaangalia kama ni ya 10 inayohitajika au kuna kitu kingine.